Mnyororo Juu

Maiti ilikuwa chini ya daraja dogo, maji ya mvua yakiipita kama haipo. Mbele kidogo, ufukweni, waendesha baiskeli wenzake walikuwa wamejikunyata, wamelowa chapachapa. Walikesha barabarani wakipigwa na dhoruba ili waione bahari asubuhi. Kiongozi wao, waliyemwita Kamanda, hakuiona.

Simu ya Inspekta ikalia. Mkuu wa kituo.

"Utelezi huo. Andika ajali, urudi unywe chai."

"Ajali sijaiona bado, afande."

"Wewe mama una kichwa kigumu!"

"Ndicho nilichopewa." Akakata simu. Liwalo na liwe.

Daktari wa polisi alimwonyesha kisogo kilichopasuka. Kando ya maiti kulikuwa na baiskeli, gurudumu la nyuma halina upepo. Usukani haukupinda, rangi haikuchubuka. Ilikuwa imelazwa taratibu kama mtoto, mnyororo juu. Ebo! Mtu adondoke na baiskeli kutoka juu kule, kichwa kipasuke, baiskeli isipate hata mkwaruzo?

Ufukweni alikuta baiskeli zote zimelazwa vilevile.

"Mbona mnazilaza hivi?"

"Mnyororo ukiingia mchanga, kwisha habari," mmoja akamjibu. "Kwetu hata mgeni hufundishwa hilo kwanza."

Basi aliyeishusha ile baiskeli alikuwa mwenzao.

"Kamanda mlimwacha wapi?"

"Darajani. Alipata pancha, akatupungia tupite. Akasema Mkia atamkuta."

Mkia alikuwa mwanamke, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeendesha nyuma ya wote, na taa nyekundu, kuwaokota waliochoka. Alikuwa amekaa peke yake.

"Wewe huwa wa mwisho siku zote?"

"Tangu mwaka jana. Niliomba mwenyewe."

"Kamanda ulimkuta?"

"Sikumwona. Mvua ilikuwa kali."

"Kazi yako ni kuwaona waliobaki nyuma, dada. Uwaone wote, umkose yeye tu?"

Inspekta akamwonyesha baiskeli zilizolazwa mchangani.

"Ukaishusha na baiskeli yake, ionekane kaanguka nayo. Lakini mkono wako umezoea. Ukailaza mnyororo juu."

Fundi aliitazama mikono yake. Kisha akainua uso, macho makavu.

"Nilimsukuma. Andika, na radhi siombi! Mwaka jana mdogo wangu alianguka msafarani kwenye mvua kama hii, akamwita Kamanda. Jana usiku, nikiwa nimemshikia pampu, nilimuuliza: ulimsikia? Akasema, 'Nilimsikia. Msafara haumsubiri mtu.' Mdogo wangu alikufa mtaroni, peke yake, na nyinyi mkaandika ajali!"

Inspekta alimwonea huruma, tena huruma iliyochanganyika na hasira. Hata hivyo akamfunga pingu.

"La kwako utalijibu mahakamani," akamwambia. "La mdogo wako niachie mimi."

Akampigia mkuu wa kituo.

"Umeandika ajali?"

"Ni mauaji, afande. Na lile faili la mwaka jana uliloandika ajali, nalifungua leo."

"Thubutu! Nitakuhamisha!"

"Nihamishe. Litakuwa limeshafunguliwa."