Mstari wa Bawabu

Kila siku akitoka shule, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa mahali pake pa kazi: cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia katikati, na vipande vya vitambaa kila upande. Pini zilidondoka kutwa nzima. Mama alikuwa amefunga kamba kwenye sumaku kubwa iliyotolewa katika spika mbovu, na Chiriku aliiburuta chini ya meza na viti mpaka ikaota miiba kama nungunungu.

"Ukiacha pini moja tu, Kibonge ataiona kabla yangu," Mama alizoea kusema.

Kibonge alikuwa mdogo wake Chiriku, mtoto mnene wa mwaka mmoja na ushei. Alichokiona alikishika, na alichokishika alikitia mdomoni. Chiriku naye alipewa jina hilo kwa sababu ya kusema. Alisema akila, alisema akioga, na Baba, ambaye ni dereva wa lori na wiki hiyo alikuwa safarini, aliapa kwamba hata usingizini hanyamazi.

Halafu kulikuwa na Bawabu, mbwa wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililolala. Sheria yake ilikuwa fupi: mwisho wake ni kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Mama, anaona baridi," Chiriku alilalamika kila mvua iliponyesha.

"Ana manyoya. Mimi nina nguo za watu humu ndani."

Jumatano moja Mama alitoka kupeleka gauni kwa mteja. "Mwangalie mdogo wako. Na mlango wa nyuma usifunguliwe," alisema akiwa tayari barabarani.

Mvua ikaanza. Bawabu akalia kwa sauti nyembamba, akakwaruza mlango. Chiriku alijikaza kidogo, kisha akafungua.

"Dakika moja tu, wewe. Na ujiheshimu."

Bawabu hakujiheshimu. Alijikung'uta maji yakaruka ukutani, akapita jikoni kama mwenye nyumba, akaingia chumba cha mbele. Chiriku alicheka. Akabaki jikoni kupasha maziwa ya Kibonge.

Ndipo aliposikia mngurumo. Ulikuwa mzito, wa chini chini, na hakuwahi kuusikia kwa Bawabu hata siku moja.

Alikimbia. Bawabu alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia, amebana kitu kwa miguu ya mbele. Kibonge alikuwa ametambaa hadi puani kwake na kunyoosha mkono akitaka kile kitu. Chiriku aliona meno. Kibonge akapiga yowe.

Chiriku alimvuta mtoto kwa mguu, akashika ufagio na kumfukuza mbwa hadi nje. Kitu chenyewe kilikuwa kijimto ambacho Mama huchomekea pini. Mama hukipaka mafuta ya nyama ili pini zisishike kutu. Kwa pua ya Bawabu, hicho kilikuwa chakula, na chakula chake hakiguswi.

Nyuma ya mkono wa Kibonge kulikuwa na mchubuko mwekundu, na damu ilikuwa inachomoza taratibu. Chiriku aliifuta damu kwa kipande cha kitambaa, akafuta nyayo za mbwa, akarudisha kijimto rafuni. Sumaku hakuikumbuka kabisa.

"Mkono wa mtoto una nini?" Mama aliuliza aliporudi.

"Amejikwaruza kwenye kiti."

"Na kijimto changu mbona kimelowa?"

"Kimemwagikiwa maji, Mama."

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Chiriku alimsogelea jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Profesa kwa sababu kila swali alikuwa na jibu lake.

"Eti, mbwa akimchubua mtu kwa jino, lakini kidogo sana, kuna ubaya?"

Profesa aliacha kutafuna mkate. "Mbwa wa nani?"

"Wa mtu tu. Nasema kwa mfano."

"Huo mfano wako umechanjwa?"

Chiriku hakujua.

"Kama ana kichaa cha mbwa, atatokwa na mate, hatakula, atajificha," Profesa alisema. "Na aliyeumwa akishaanza kuogopa maji, basi tena."

"Basi tena nini?"

"Basi tena! Hapo hata daktari hana la kufanya."

Masomo yaliyobaki Chiriku hakuyasikia. Alipofika nyumbani alipitiliza hadi uani. Bawabu hakuja kumlaki. Alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, kichwa chini, na mate yakimchuruzika kama uzi mrefu mpaka chini. Chakula chake kilikuwa vilevile. Alitikisa kichwa, akajikuna mdomo kwa mguu, akamtazama kwa macho mekundu.

Chiriku alirudi kinyumenyume, akafunga mlango kwa komeo na kuuegemea. Akisema, atachapwa, na Bawabu hatamwona tena. Asiposema, je? Alijaribu kuwaza kitu kingine, lakini aliona mate tu.

"Leo redio imezimwa?" Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono. "Chukua kikombe, mpe mdogo wako maji."

Chiriku alikipeleka kikombe mdomoni kwa Kibonge. Kibonge alikunja uso, akageuka pembeni, akakisukuma kwa mkono wake wenye mchubuko. Maji yakamwagika.

"Anaogopa maji!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, Kibonge anakufa! Ni Bawabu! Mimi ndiye niliyemfungulia! Hakujikwaruza kwenye kiti, Mama, nilidanganya!"

Cherehani ilinyamaza. Mama hakupiga wala hakufoka. Alimbeba Kibonge hadi kwenye bomba, akauosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, akausugua muda mrefu huku Kibonge akipiga mateke na kunywa maji yaliyomrukia usoni.

"Maji anakunywa, unaona? Ni ukaidi wake tu. Lakini hilo halitoshi. Lete kanga, twende zahanati."

Njia nzima Chiriku alishikilia mguu mnene wa mdogo wake uliokuwa ukining'inia mgongoni kwa Mama. Hakuthubutu kuuachia.

"Ilikuwa lini?" muuguzi aliuliza akiandaa sindano.

"Jana," Chiriku alinong'ona.

"Ungesema jana, tungemchoma jana. Mkwaruzo wa mbwa hausubiriwi, hata uwe mdogo kama punje. Mtarudi kwa sindano zinazofuata, zote. Na mbwa lazima aonwe na mtaalamu."

Daktari wa mifugo alikuja jioni ileile, amevaa glavu nene. Alimkamata Bawabu kwa kitanzi cha kamba, akamchoma dawa ya usingizi, kisha akamfunua mdomo na kumulika ndani. Chiriku alifumba macho.

"Mama mwenye nyumba, hii ni yako?" daktari aliuliza.

Kwenye koleo yake ndogo kulikuwa na pini yenye kichwa cha bluu. Ilikuwa imechoma chini ya ulimi wa Bawabu.

"Nadhani mate yalikuwa ya hii. Lakini sibahatishi. Atafungwa peke yake nami nitamfuatilia, na mtoto amalize sindano zake. Amechanjwa lini huyu?"

Mama alishusha pumzi. "Muda umepita. Hilo ni kosa langu."

Siku za kumchunguza Bawabu zilikwisha akiwa mzima, akala mpaka sufuria ikang'aa, akachanjwa. Siku hiyo Mama alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari mweupe sakafuni, kati ya jikoni na chumba cha mbele.

"Mvua ikinyesha, Bawabu atalala jikoni, kwenye gunia lake. Hilo ulikuwa na haki ya kuliomba, nami sikukusikiliza. Mstari huu havuki. Akila, asiguswe. Na Kibonge haachwi naye bila mtu mzima. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa sikia kubwa kuliko yote. Bawabu hakuweza kusema pini imemchoma. Kibonge hakuweza kusema nani kamuumiza. Mwenye kusema humu ndani ulikuwa wewe, Chiriku mzima, na ndiyo siku uliyonyamaza. Kosa tungelirekebisha kwa sabuni na sindano. Uongo ndio uliotaka kutuulia mtoto."

Chiriku alilia, kisha akaenda kuchukua sumaku bila kutumwa. Alipoinuka kutoka chini ya meza alimkuta Bawabu amejinyoosha jikoni, mwili wote nyuma ya mstari, isipokuwa pua.

"Mama, na pua je?"

Mama aliangalia, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Pua ibaki. Lakini uichunge."