Kitufe cha Toka

Kila Jumatano wanafunzi wa darasa la sita walivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, wakaingia kwa zamu. Skuli yao, pembezoni mwa Chake Chake, ilikuwa na kompyuta chache na watoto tele. Mmoja akiinuka, mwenzake alikaa pale pale. Kila mtoto alikuwa na neno lake la siri la kufungulia tovuti ya skuli, ambamo waliandika insha.

Mwanawema ndiye aliyekuwa hodari wa insha, na ndiye aliyechaguliwa kwenda Unguja kushindana. Lakini Alhamisi aliitwa ofisini.

"Soma," alisema mwalimu mkuu, Bi Bimkubwa, akiigeuza kompyuta.

Mwanawema alisoma: "Sauti ya mwalimu mkuu kama bata aliyekabwa." Juu ya maneno hayo, kwenye tovuti ya skuli, palikuwa na jina lake.

"Si mimi, mwalimu!"

"Jina la nani hilo?"

"Langu."

"Ulimpa mtu neno lako la siri?"

Mwanawema alihisi kuta zinamsogelea. Akisema ndiyo, ataokoka. Lakini atamtaja nani? Akisema la, amejifunga mwenyewe.

"La, mwalimu. Sijampa mtu."

"Basi ni wewe. Unguja atakwenda mwengine."

Machozi yalimlengalenga. Kila ukweli aliousema ulimkaza zaidi, kama fundo.

Mwalimu Mjaka, aliyefundisha kompyuta, alikuwa amesimama kando. "Hebu mwanangu, jana ulipomaliza ulifanya nini?"

"Niliona pameandikwa 'Toka', nikatoka."

"Ukatoka wapi?"

"Chumbani! Nikavaa viatu, nikenda zangu. Mama akiniambia toka, huwa sibakii."

Mwalimu Mjaka alicheka hata akashika meza. "Kile ni kitufe, mwanangu, hukufukuzwa! Ukiingia kwa neno lako la siri, mashine inayohifadhi tovuti hukupa alama, kama tiketi, ikakaa ndani ya kompyuta. Kila kinachoandikwa hapo hupelekwa pamoja na alama hiyo. Mashine hutazama kumbukumbu zake ikasema, huyu Mwanawema. Uso haiuoni. Ukibonyeza Toka, alama hufutwa. Wewe ulitoka, jina lako likabaki kazini. Nani alikaa baada yako?"

"Pandu. Lakini sikumuona akiandika."

Pandu aliletwa. Hata salamu hakutoa. "Kanisingizia huyo! Mie sijaandika kitu!"

"Hajakusingizia," alisema Mwalimu Mjaka. "Kasema alikuona ukikaa, hakukuona ukiandika."

Pandu alimtazama Mwanawema, kisha sakafu. Ukali wote ulimwishia.

"Nimeandika mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuta jina lake liko wazi, nikafanya mzaha. Nisamehe, mwalimu. Nisamehe, Mwanawema."

"Mzaha wako ulikuwa umnyime mwenzako safari," alisema Bi Bimkubwa. "Kesho utayakiri hayo mbele ya skuli nzima." Akamgeukia Mwanawema. "Na mimi nilihukumu kwa haraka, mwanangu, uniwie radhi. Unguja utakwenda. Ungetaja jina lolote ili ujiokoe, leo ningemwadhibu asiye na kosa. Ukweli ulikubana, lakini usingeushikilia tusingefika hapa. Ila jina lako ni amana yako. Ukilifungua mahali, lifunge mwenyewe kabla hujainuka, maana atakayelikuta wazi atasema kwa kinywa chako, na wewe ndiye utakayeulizwa."