Siku Mwalimu Jeanne Alipoanguka

Wewe unayesoma, uligeuza uso. Chishimba, fundi wa viatu, alipoanguka kwa kifafa juu ya mbabula, jiko la makaa, ya mchoma mahindi, ulikuwa pale. Ulivuka barabara. Makaa ya moto yalimla shavu huku watu wazima wakiangalia. Mtaa wetu wa Kampemba haujasahau. Basi sikiliza ya Mwalimu Jeanne.

Alifundisha watu wazima kusoma, chini ya mabati, katika lupango, ua wa nyumba ya Mama Yannick, muuza makaa. Mama Yannick alikuwa na wajukuu tayari siku aliposoma jina lake mara ya kwanza. Alilia. Tangu hapo alisoma kwa sauti kila ukuta aliopita, hata ulioandikwa: "Usikojoe hapa."

"Ni Mwalimu alinifungua macho," alisema.

Asubuhi moja ya baridi waliweka mbabula katikati ya darasa. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni. Chaki ikadondoka. Macho yakageuka. Akaanguka kando ya moto, mwili ukitikisika, povu mdomoni.

"Musimuguse!" Kakule, muuza unga, alipiga kelele. "Mate yake itatupatia kifafa!"

Benchi zilipinduka. Kakule, na tumbo lake lote, akaruka ukuta. Na Mama Yannick? Naye alirudi nyuma. Miguu ilimkimbiza mbali na mtu aliyempenda kuliko wote.

Jirani yao Deborah, muuguzi wa kituo cha afya, alisikia kelele, akaingia mbio. Alimkuta Mapalo, mmoja wa wanafunzi, ameinama na kijiko mkononi.

"Mama Yannick, toa mbabula! Mapalo, ile kijiko ni ya nini?"

"Ya kumufungua meno."

"Acha! Utamuvunja meno. Hapana kutia kintu mu kinywa. Hapana kumukamata kwa nguvu."

Mama Yannick aliiburuta mbabula nje. Deborah alikunja kitenge, akakiweka chini ya kichwa. Akalegeza nguo shingoni. Akamlaza Mwalimu ubavu, ili mate yatoke.

"Deborah, ile mate!" Mama Yannick alinong'ona.

"Mate ni mate, mama. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Haiambukize. Haiko bulozi, hakuna mutu alimuroga. Ikipita dakika tano, ao ikirudia kabla aamuke, tunakimbia ku hospitali."

Mtikisiko ulitulia. Baada ya kitambo Mwalimu alifungua macho. Akaona benchi chini, na watu ukutani.

"Mumeona," alisema. "Sasa mutanifukuza."

"Dawa iko wapi, Mwalimu?" Deborah aliuliza.

"Niliacha. Kule nilifundisha kwanza, watu baliona vidonge, banifukuza. Niliogopa na nyinyi."

Maneno yale yalimpiga Mama Yannick kama kofi. Aliyemfungua macho alikuwa akijificha asionwe na macho hayo hayo!

Mwalimu alipoamka vizuri kabisa, Mama Yannick alimpa maji katika kikombe chake. Kisha akanywa yaliyobaki, mbele ya wote.

"Papa Kakule, rudia huku! Povu haina miguu!"

Walicheka, na Mwalimu pia.

Deborah alimpeleka kituo cha afya. Leo Mwalimu anameza dawa yake kila asubuhi mbele ya darasa, na hajaanguka tena. Mbabula inakaa nje. Kakule ndiye aliyeandika ukutani, pale pale aliporuka: "Mulaze ubavu. Usimutie kitu kinywani. Usikimbie." Mama Yannick huusoma ukuta huo kwa sauti.

Na wewe? Karibu na lango lako kuna mtu anayeficha vidonge kwa kuogopa macho yako, au hajavipata kabisa. Unamjua. Funga kitabu hiki. Nenda umshike mkono, mwende kituo cha afya. Si kesho. Simama!