Vidonge Sita vya Saa Moja

Walikutana kwenye foleni ya makohozi. Pengine hakuna mahali pabaya zaidi pa kupendana, lakini miaka kumi na miwili imepita na fundi saa bado anakataa kusikia pakisemwa vibaya.

Kibaraza cha kliniki ya kifua kikuu kilifurika asubuhi ile. Barakoa usoni, kikopo chenye kifuniko mkononi, kila mtu anakwepa macho ya mwenzake. Fundi saa alikiweka chake dirishani ili afunge kamba za kiatu. Alipoinuka, mkono wenye kucha nyekundu ulikuwa unaondoka nacho.

"Dada, hicho changu."

"Changu hiki, kaka."

"Soma namba."

Akasoma. Macho juu ya barakoa yakamtoka. "Maskini mimi! Nimekuibia makohozi. Kesi hiyo ningeisimamia kwa uso gani?"

"Chukua tu. Nina mengine."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Alikuwa mshonaji, gauni la kijani la mifuko miwili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kana kwamba ameitoroka cherehani. Tangu siku hiyo fundi saa akamwita Futi. Naye akaitwa Dakika.

Wote wawili walikutwa na ugonjwa, wakaanzishiwa dawa za miezi sita. Sista wa kliniki alitaka kila mgonjwa awe na mtu wa kumtazama akimeza. Shangazi yake Futi alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua. Dakika aliishi na saa arobaini za ukutani, hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Basi wakatazamana kwa masikio. Saa moja asubuhi, simu ililia.

"Umeamka, mvivu wangu?"

"Niko na glasi mkononi."

"Vinne vya kifua, kimoja cha vitamini. Meza nisikie."

Glup. Glup. Futi alihesabu kwa sauti kama anayehesabu vifungo vya shati.

"Na mkojo?"

"We Futi, huna haya!"

"Wangu rangi ya chungwa kabisa. Sista anasema hata machozi hugeuka. Usije ukaniliza, nitachafua vitambaa vya wateja."

Hadi leo, Dakika akisikia maji yakimiminwa kwenye glasi, moyo hurudi kwenye asubuhi zile.

Lakini lilikuwapo jambo alilolificha. Kila mwenye kifua kikuu pale alipimwa damu, virusi vya UKIMWI na sukari. Wiki ya tatu Dakika aliitwa chumba cha ndani, akatoka na kidonge cha ziada. Kila asubuhi, baada ya vitano, aliisukuma simu chini ya mto, akameza cha sita, kisha akairudisha sikioni. Kesho nitamwambia, alijisemea. Kesho zikawa nyingi.

Mwezi wa pili ulipoisha, makohozi yao yalikuwa safi. Barakoa zikavuliwa. Dakika aliona kwa mara ya kwanza mwanya kati ya meno ya Futi, akasahau alichotaka kusema. Akanunua soda moja, akapiga funda, akampa chupa.

"Kunywa, mpenzi. Tumepona nusu."

Futi aliipokea, akatabasamu, akageuka kumwita Sista. Dakika alipochungulia, alimwona akiimimina taratibu kwenye kopo la maua pembeni ya ngazi.

Amejua, akawaza. Amejua, na hataki kugusa nilipogusa.

Kesho yake simu ililia saa moja. Hakupokea. Ikalia siku nane. Alimeza vidonge vyake huku akiitazama ikitetemeka mezani, na maji yalikuwa machungu kuliko dawa.

Siku ya tisa mlango wa karakana yake ulifunguliwa. Gauni la kijani, futi shingoni.

"Umekufa?" Futi aliuliza. "Kama umekufa niambie, nikushonee sanda inayokutosha."

"Niliona ulivyoimwaga soda."

"Ndiyo. Nikaimwaga."

"Basi tusisumbuane. Unajua nilicho nacho."

"Najua tangu mwezi wa kwanza!" Futi akapaza sauti. "Dakika, mimi nahesabu. Vyangu vitano, vyako sita. Unadhani mto unaziba masikio? Marehemu dada yangu alikimeza hicho cha sita. Nilingoja uniambie mwenyewe. Na virusi hivyo havipiti kwenye mdomo wa chupa, usinifanye mjinga."

"Sasa soda ilikukosea nini?"

Futi akashusha pumzi, akatoa mfukoni kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na bomba la sindano na kichupa cha dawa.

"Siku uliyoitwa chumba cha ndani, mimi niliitwa cha pili yake. Nina kisukari. Shangazi alinikataza kusema. Eti mwanamume akijua, hutamwona tena." Machozi yakamtoka. "Nikaimwaga ili usijue. Na kweli sikukuona tena."

Alijifuta kwa kitambaa cheupe. Dakika alikitazama. Doa lilikuwa hafifu, rangi ya chungwa.

"Nimekuliza," akasema. "Na ulinionya."

"Utakifua."

"Nitakifua. Nioe nikufulie vyote."

"Huolewi wewe, unaoa," Futi akacheka ndani ya kilio. "Uliza vizuri."

Akauliza vizuri, bisibisi ikiwa bado mkononi.

Karakana ile imevunjwa, na kibaraza cha kliniki kimejengewa ukuta. Vifua vyao vilipona zamani. Kitambaa kimo kabatini. Futi alikataa kifuliwe. Asubuhi ya leo, saa moja, Dakika amemchoma kidole mkewe, akasoma sukari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua glasi na kidonge chake.

Hakuna simu sasa. Mkewe yuko upande wa pili wa meza.

"Meza nisikie," anasema.

Glup.

"Kimoja," anahesabu, na kumtolea mwanya wake.