Manjano ya Mtoto, Manjano ya Pilau

Daktari aliyeniambia nisimpeleke mwanangu hospitali ni muuza nyama wa Gitega! Namfahamu. Alicheza kwenye harusi yangu...

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, kisha tukarudi nyumbani Burundi, Muyinga. Hapa ndipo nilipoolewa, na hapa ndipo nilipomzaa Neema, mtoto wangu wa kwanza.

Neema alikuwa hajatimiza hata wiki nilipoona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Nilidhani ni rangi ya pazia. Nikamtoa nje kwenye mwanga. Haikuwa pazia!

Nikachukua simu, nikaandika: manjano mtoto mchanga. Ukurasa uliokuja wa kwanza ulikuwa safi, wenye herufi kubwa na daktari wa koti jeupe akitabasamu. Ulisema nisiogope. Jua la asubuhi, na tone la maji yenye manjano ya unga kila ninapomnyonyesha. Hospitali? Si lazima.

Shemeji yangu Fabrice, mdogo wa mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Gitega kumwona mtoto. Kazi yake ni mambo ya kompyuta. Nikamwonyesha.

"We shemeji, tulia! Iko ya kwanza, si unaona? Ingekuwa ya uongo ingekuwa huko chini."

Nikatulia... Shuleni kambini majina yalisomwa mbele ya wote kufuata alama, na wa kwanza ndiye aliyejua. Kwa nini nisiamini?

Neema akaanza kulala mno. Akakataa ziwa. Kisha akatoa kilio chembamba, kikali, ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto, mgongo umekakamaa. Tukapanda pikipiki, nimemkumbatia, nikiomba asinyamaze...

Hospitalini muuguzi aliuliza tumempa nini. Nikasema, manjano.

"Manjano gani, mama? Ya pilau?"

Hakuwa anatania. Walimweka chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa. Daktari alisema tumechelewa, na kwamba hawezi kujua ugonjwa umeshagusa nini kichwani, labda hata kusikia.

Nikiwa nimeketi kando ya taa ile, niliusoma ukurasa upya, polepole. Kila aya ilirudia "manjano mtoto mchanga", hata pasipohitajika. Nusu ilihusu ugonjwa, nusu kiungo cha jikoni, vyote vimechanganywa. Nikaikuza picha... Mungu wangu! Koti lile jeupe ni la buchani! Na muuza nyama yule ni rafiki wa nani, kama si wa Fabrice?

Mume wangu akampigia. Fabrice alicheka kwanza, akidhani tunamsifu. Kisha sauti ikashuka.

"Mi sikuandika kwa ajili ya mtoto wenu, kaka. Niliandika ili ipande, iwe ya kwanza mtu akitafuta. Watu wanatafuta neno hilo, donc, basi, nililiweka mara nyingi."

Yaani alijua ni wake, huku ameketi kwangu akinywa chai! Nilimwonyesha hofu yangu, yeye akaona sifa yake...

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukurasa ulio juu umewekwa juu na mtu anayejua kupandisha, basi. Macho ya mtoto yakiwa manjano, inuka uende hospitali. Simu iache mezani!

Fabrice ameufuta. Lakini jana nilitafuta tena. Wa kwanza sasa ni ukurasa mwingine, una maneno yale yale, na muuza nyama yule yule akitabasamu.

Neema yuko hai, ana miezi sita sasa. Ananyonya, ananenepa, ananitazama usoni. Kila asubuhi napiga makofi nyuma ya kichwa chake...

Bado hajageuka.