Maji ya Viazi Yanakwenda Wapi?

Kwa Masele, nje kidogo ya mji wa Bariadi, hata ndama walikuwa wamezoea Kiingereza. Kila asubuhi Kabula, mke wa Masele, alikoroga uji huku akiimba masomo yake kwa Kiingereza. Aliimba Biolojia. Aliimba Jiografia. Akifika kwenye Historia, sauti ilipanda utadhani yuko kwenye kwaya ya kanisani.

Kabula aliacha shule akiwa kidato cha pili. Sasa ana watoto wawili, Mboje na mdogo wake, na anatamani sana kuwa muuguzi. Njia ipo. Mtu mzima anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kabula aliufanya mwaka jana. Akafeli.

"Mwaka huu tu, mama Mboje," Masele alimwambia. "Pamba inataka mikono. Ukifeli tena, hivyo vitabu tutafungia maandazi."

Masele si mtu mbaya. Alikuwa amechoka kupalilia peke yake. Lakini maneno yale yalimchoma Kabula, naye akazidi kuimba.

Asubuhi moja jirani yao, Mwalimu Domitila, alisimama kwenye ua wa minyaa akasikiliza. Yeye hufundisha watu wazima kwenye kituo cha elimu pale mjini.

"Mwangaluka, Kabula! Umeimba vizuri. Sasa niambie, hayo uliyoimba yana maana gani?"

Kabula aliacha kukoroga uji.

"Yana maana kwamba... ni jibu la swali la nne, mwalimu."

Domitila alicheka mpaka akashika ua. Kabula naye akacheka, ingawa moyoni aliona aibu.

"Umekariri, mdogo wangu. Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, unabaki mikono mitupu. Ndicho kilichokupata mwaka jana."

"Sasa nifanye nini?"

"Kila somo lina mawazo machache yanayobeba mengine yote. Lishike wazo moja. Halafu mweleze mtu ambaye hakusoma, kwa Kisukuma. Akikuuliza swali ukakwama, basi hapo hujaelewa. Rudi kwenye kitabu. Kiingereza cha mtihani utakiweka mwisho, ukishaelewa."

"Nimweleze nani? Masele anasinzia nikianza tu."

"Mama mkwe wako."

Kabula aliguna. Mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, alikuwa hamsalimii Domitila kwa muda mrefu. Mwaka jana Bibi Nyamizi alianika michembe yake juu ya jabali, yaani vile vipande vya viazi vitamu ambavyo watu hukausha na kula wakati wa njaa. Domitila alipita, akamwita mama kwa Kisukuma, akasifia, "Mayu, viazi vimenona hivi!" Siku chache baadaye viazi vikaota ukungu na kuoza. Bibi Nyamizi akasema ni jicho baya la mwalimu. Na akishasema, amesema.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo Kabula alimkuta mama mkwe wake akimenya viazi vya mwaka huu. Akapiga magoti, akasalimia, akachukua kisu kusaidia.

"Mayu, naomba nikueleze somo langu."

"Lile la kuimba? Nalijua lote. Hata ng'ombe wanalijua."

"Hili haliimbwi. Linahusu kuoza. Kitabu kinasema chakula kinaozeshwa na vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinahitaji maji ili viishi na kuzaana. Ukiondoa maji, haviwezi kuongezeka."

Kisu cha Bibi Nyamizi kilisimama.

"Kumbe ndiyo maana tunaanika?"

"Ndiyo, mayu! Jua linatoa maji kwenye viazi."

"Na hayo maji yanakwenda wapi?"

Kabula alikwama. Maji yanakwenda wapi? Alikimbia ndani, akafungua kitabu cha Biolojia. Hakuna. Akafungua cha Jiografia, akasoma, akaona maneno aliyoyaimba mwaka mzima bila kuyaelewa. Akatoka mbio na kitabu mkononi.

"Yanapanda angani, mayu! Yanakuwa mvuke. Kule Lamadi jua linapiga ziwa, na maji ya ziwa yanapanda vilevile. Huko juu kuna baridi, yanakusanyika, yanakuwa mawingu. Ndiyo mvua hiyo!"

"Mvua yetu imetoka kwenye viazi?"

"Kidogo kwenye viazi. Nyingi kwenye ziwa na bahari."

Bibi Nyamizi alipiga makofi. Masomo mawili yalikuwa yameshikana mbele ya macho yake, na aliyeyashikanisha ni mama mkwe!

Lakini Bibi Nyamizi hakuwa mtu wa kukubali upesi.

"Kama ni maji tu, mbona mwaka jana nilianika na vikaoza? Jua halikuwepo?"

Kabula alikata kiazi kimoja. Akaokota kipande kinene na kipande chembamba.

"Mwaka jana ulikata vipi, mayu?"

"Vinene. Kisu kilikuwa butu, na vidole vinaniuma."

"Basi tujaribu. Tukate vinene upande huu, vyembamba upande ule. Tuone."

Walianika vyote kwenye jabali lilelile, chini ya jua lilelile. Bibi Nyamizi alipanda kuvikagua asubuhi na jioni. Wajukuu hawakuruhusiwa kugusa. Hata Masele alianza kuuliza habari za viazi kabla hajauliza habari za chakula.

Siku moja kelele zilisikika kutoka juu ya jabali.

"Kabulaaa! Njoo uone!"

Vipande vyembamba vilikuwa vikavu, vinavunjika kwa mlio. Vile vinene vilikuwa vikavu nje, laini ndani, na viwili vimeota ukungu. Na Domitila hakuwa amepita pale kabisa!

"Kinene kinaficha maji katikati," Kabula alisema akihema. "Ukikata vyembamba, kiazi kilekile kinapata sehemu nyingi za kuguswa na jua na upepo. Mayu, hiyo ni Hisabati! Ni lile somo la maeneo!"

Bibi Nyamizi alifuta mikono kwenye kitenge, akashuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa minyaa, akasalimia.

"Mwalimu! Mhola?"

Domitila alitoka nje kwa mshangao.

"Mhola, mayu."

"Nilikusingizia. Kisu changu ndicho kilichoharibu." Akamkabidhi michembe mikavu, ungo mzima.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa shule. Kabula alieleza, Bibi Nyamizi aliuliza. Wakati mwingine mwanafunzi aligeuka mwalimu. Bibi alisimulia jinsi zamani, mwaka wa njaa, watu walivyotoka mbali na mbuzi wao ili wapewe michembe.

"Hiyo ni biashara ya kubadilishana!" Kabula aliruka. "Imo kwenye Historia!"

"Ilikuwa kwa mama yangu kabla haijawa kwenye kitabu chako," Bibi alimjibu.

Mwezi wa kumi na moja Kabula aliingia kwenye chumba cha mtihani. Swali la Biolojia liliuliza kwa nini chakula kilichokaushwa hakiozi upesi. Hakuna wimbo wake hata mmoja uliokuwa na jibu hilo. Kabula alitabasamu. Aliliona jabali, akamwona mama mkwe wake, akaanza kuandika.

Matokeo yalitoka familia ikiwa shambani, inapalilia pamba. Domitila alikuja anakimbia, simu mkononi.

"Amefaulu! Kabula amefaulu!"

Masele alitupa jembe, akamnyanyua mkewe juu, watoto wakashangilia. "Mama Mboje, maandazi tutafungia magazeti!" alipiga kelele. Kabula alilia na kucheka kwa pamoja.

Bibi Nyamizi alisubiri wanyamaze.

"Kiingereza tumepata ngapi?"

"Kidogo, mayu. Nusura tufeli."

"Hicho si changu. Na lile swali la viazi?"

"Biolojia tumepata vizuri sana."

"Hiyo ndiyo yangu." Akajishikiza kwenye jembe lake, akakaa chini kwenye tuta. "Haya. Kidato cha nne wanauliza nini? Anza kunieleza."