Kivuli Nyuma ya Sukari

Kila baada ya masomo, Kasuku na Konokono walikaa mbele ya kompyuta moja katika chumba cha sayansi. Kasuku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Konokono, kwa sababu hata kamba za viatu alizifunga kama anayetarizi. Kazi yao ilikuwa molekuli ya sukari. Kasuku aichore kwa programu, matufe meusi, mekundu na meupe. Konokono aifinyange kwa udongo na njiti akifuata mchoro huo. Mkaguzi angekuja kumchagua mfinyanzi mmoja wa kwenda kwenye maonyesho ya shule zote, na nafasi hiyo Konokono alikuwa akiiota hata mchana.

Mwanzoni matufe yalionekana bapa kama vifungo vya shati. Mwalimu wa sayansi akawaonyesha jinsi ya kuwasha taa ya programu. Papo hapo yakavimba, ungedhani ni matunda ya kuchuma.

"Kivuli ndicho kinacholiambia jicho kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma," alisema.

Siku ya kukabidhi mchoro, Kasuku aligundua kuwa amesahau tufe moja jeupe upande wa nyuma. Kulirudisha kulitaka aufumue upande ule wote, na wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Akaisogeza taa kidogo. Kivuli kikalimeza pengo.

"Mbona huku nyuma giza hivi?" Konokono aliuliza.

"Ndio uzuri wenyewe, mwenzangu. Wewe finyanga, maswali yaachie mtihani."

Mwalimu mkuu alipouona mchoro alipiga makofi, akaamuru ubandikwe mlangoni. Wakubwa ndivyo walivyo: kitu kikishang'aa, nani atakigeuza upande wa pili?

Mkaguzi alipofika, aliuzungusha mfano wa udongo, akahesabu kwa kidole. "Binti, hapa pamepungua tufe jeupe. Liko wapi?"

"Kalibeba mgongoni!" mwanafunzi mmoja akachombeza, na darasa zima likaangua kicheko.

Konokono akamtazama Kasuku. Kasuku, yule wa kusema hata usingizini, akatazama sakafu. Nafasi akapewa mwingine.

Kesho yake Konokono alihamia dawati la mbali. Hilo ndilo lililomchoma Kasuku. Alimwendea mwalimu wa sayansi, akaeleza yote huku akilia. Wakaenda pamoja kwa mwalimu mkuu.

"Majina yameshapelekwa juu," alijibu, wala hakusema nani aliupitisha mchoro bila kuukagua. Huko juu makosa hupanda upesi, kushuka, hayashuki.

Kasuku alikiri mbele ya darasa, akachora upya, taa ikimulika kila upande. Konokono akaongeza tufe, mfano ukakamilika.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusamehe," Konokono alisema, akifuta udongo vidoleni. "Ila maonyesho ni Jumamosi, na mimi nitakuwa nyumbani."

 Mwalimu wa sayansi akamshika Kasuku bega.

"Mwanangu, mchoro tumeusahihisha, na udongo tumeujazia. Jumamosi ya mwenzako hatuna pa kuichota. Kosa ukilitoa mapema, aibu ni yako na inapita. Ukilifunika, anayejikwaa ni yule aliyekuamini."